Mkono wa Muhidini Mchinjaji

Watu wa Kwembisi wakiulizwa Muhidini alikufa kwa nini, husema sukari. Si uongo. Lakini mtu mwenye sukari anaweza kuishi miaka mingi akimeza dawa zake na kugombana na mkewe kuhusu chakula, na Muhidini hakumaliza hata miaka miwili tangu aambiwe. Mimi ninajua kwa nini. Nimezeeka sasa, na nimechoka kuwa peke yangu ninayejua.

Muhidini bin Mdoe alikuwa mchinjaji wetu. Alizaliwa upande wa Handeni, Mzigua kwa baba na kwa mama, na kazi ya kisu alifundishwa na baba yake, ambaye alimfanya akate vigogo vya migomba mwaka mzima kabla ya kumkabidhi hata kuku. Kigogo cha mgomba hakifichi kitu, kisu kikisita unaona kabisa kiliposita. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu chache alizozitunza kuliko alivyotunza shamba lake. Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi mkali, na niliwahi kumwona akimfukuza mtu machinjioni kwa sababu tu alikuwa anapiga mluzi mbele ya mnyama. Lakini mkono wake! Bismillahi, Allahu Akbar, kisu kinapita mara moja, basi.

Mimi nilikuwa mchunaji wake. Jina langu Gregori, Mkatoliki, mjukuu wa Mnyamwezi aliyeletwa Korogwe kwa mkataba kukata mkonge akafia kambini. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulitukanana bila kukasirikiana. Yeye aliniita mbeba mizigo. Mimi nilimwambia Wazigua walipewa na Mungu ardhi yote hii wakasahau kumwomba na mvua. Tuliendelea hivyo miaka kumi na mmoja, yeye anachinja, mimi nachuna ngozi na kuitia chumvi.

Tangu siku za kambi ya mkonge tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mnyama wa kuliwa na wengi alichinjwa na Mwislamu, ili wote tule chungu kimoja. Sisi Wakristo hatukuona shida, nyama ni nyama. Hivyo Muhidini hakuwa mchinjaji wa Waislamu peke yao. Kisu chake ndicho kilichotukalisha pamoja, na yeye alilijua hilo, akajivunia kuliko alivyojivunia kitu kingine chochote duniani.

Ugonjwa ulimkuta mwaka wa sabini na tatu. Alikuwa anamaliza mtungi wa maji kwa siku, na suruali inamshuka. Hamisa, mkewe, ndiye aliyeona sisimizi wamejipanga nyuma ya nyumba pale mumewe alipojisaidia haja ndogo. Akamburuta hadi hospitali, Korogwe mjini, na mimi nikafuatana nao kwa sababu Muhidini alisema hataki kwenda kuaibishwa na wanawake wawili, mkewe na muuguzi.

Muuguzi alikuwa Dorkasi, Msambaa wa Lutindi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Aliuchukua mkojo, akauchanganya na dawa ya bluu kwenye kichupa kirefu cha kioo, akakichemsha juu ya taa ya spiriti. Ile bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, halafu ikawa nyekundu ya tofali.

"Ingebaki bluu ungekuwa mzima," alisema. "Hii ni sukari, mzee. Nyingi."

"Sukari?" Muhidini alicheka. "Mama, dukani kwetu hatujaiona sukari mwezi wa tatu huu. Imeingilia wapi?"

Walimpa vidonge vikubwa vyeupe, kutwa mara mbili. Kiu ilipungua, lakini vidonge vile vilimwingia tumboni kama samli iliyooza. Kila kitu alichokula kilikuwa na ladha ya msumari, na tumbo lilimwendesha bila kujali saa wala mahali. Alikuwa hachinji bila udhu. Basi unaweza kumwona amemlaza mbuzi, amekwisha kuelekea kibla, mara anaweka kisu chini na kukimbilia kichakani. Akirudi, udhu upya. Mara nyingine mara tatu kwa mbuzi mmoja.

"Mwambie mbuzi akusubiri, Mzigua," nilimwambia. "Ana nafasi, leo hana safari nyingine."

Alicheka siku za mwanzo, baadaye akaacha kucheka. Mwaka wa sabini na nne tulihamishiwa Kwembisi, kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Korogwe kwenda Handeni, Wazigua waliotolewa kwenye mashamba yao ya mbali pamoja na sisi tuliobaki bila kazi mkonge ulipoanguka bei. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na choo chake kilikuwa mbele ya macho ya majirani wote. Mvua haikunyesha. Tulikula unga wa njano wa msaada, tukauita yanga, na hata huo haukutosha. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani tumbo lile lile lilimfungulisha siku kumi na moja, yeye ambaye hajaacha kufunga tangu alipobalehe. Aliona haya kiasi kwamba mchana alijifungia ndani ili asionekane akinywa maji. Baada ya Idi ndogo alikwenda Korogwe mwenyewe, akamwambia Dorkasi kwamba ama wambadilishie dawa, ama aache.

Wakambadilishia. Dawa mpya ilikuwa kidonge kimoja kidogo kila asubuhi. Dorkasi alimwambia: kunywa chai kwanza, ule na kitu, halafu kidonge. Akajibu ndiyo. Na hapa ndipo ninapokasirika kila nikikumbuka, sijui nimkasirikie nani. Muhidini hakuwa akila chochote kabla ya kuchinja. Baba yake alimfundisha kwamba mchinjaji awe na njaa sawa na watu wanaomsubiri, asije akawafanyia kazi kwa uvivu wa mtu aliyeshiba. Maisha yake yote aliamka alfajiri, akaswali, akaja machinjioni, na chai yake ya kwanza ilikuwa saa nne, nyama ikishatundikwa. Maneno ya Dorkasi aliyaelewa kwa kipimo cha ile dawa ya kwanza: chai ni ya kulilinda tumbo. Na tumbo sasa lilikuwa limetulia kabisa. Basi akawa anameza kidonge kwa funda la maji akitoka kuswali, anakuja kazini.

Wiki mbili za kwanza alikuwa mtu mpya. Tumbo kimya. Alianza kunitukana tena kwa furaha, akaniuliza kama Wanyamwezi wana neno la "asante" au wananyoosha mkono tu. Kisha nikaanza kuona mambo. Asubuhi ya baridi, yeye anatokwa na jasho mpaka kanzu inamganda mgongoni. Vidole vinacheza juu ya mpini wa kisu. Siku moja alinifokea kwa matusi ambayo si ya utani, matusi ya kweli, ya mama, halafu baada ya kula akawa hakumbuki.

"Malaria," alisema.

"Malaria gani inayoisha ukila mhogo?"

"Wewe chuna ngozi, mbeba mizigo. Udaktari waachie wenyewe."

Nikachuna ngozi.

Mwisho wa Novemba wageni wa wilaya walikuwa waje kukikagua kijiji. Mwenyekiti wetu, Athuman, kijana wa miaka thelathini aliyependa mambo yaende kwa ratiba, akatoa fahali mmoja wa kijiji. Msisahau ulikuwa mwaka wa njaa. Saa kumi na mbili asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimezunguka, watoto wakiwa na mabakuli mikononi. Tulikuwa wanaume watano tuliomlaza yule fahali na kumfunga miguu. Muhidini akaja amelowa jasho. Nilimtazama machoni nikaona hanioni.

Alisema bismillahi. Akaweka kisu, akavuta, na mkono ukaruka. Kisu kikanyanyuka. Mchinjaji hanyanyui kisu, hata mtoto anajua. Akakirudisha, mahali pengine, kikapasua ngozi na nyama, hakikufika. Fahali akafurukuta, kamba ya nyuma ikakatika, akainuka na damu yake akapita katikati ya watu, akamkanyaga mama mmoja mguu, akakimbia mpaka kwenye nguzo za ghala. Vijana wakamfuata na mashoka. Alikufa kwa mashoka.

Muhidini alikuwa amekaa chini pale pale, anacheka. Mate yanamtoka. Athuman alimwinamia.

"Mzee Muhidini, umekunywa?"

Alijibu maneno yasiyokuwa lugha ya mtu. Watu wakasikia, wakaona, wakatazamana.

Mwalimu Kibwana, aliyefundisha chuo cha Kurani, alisema yule fahali ni kibudu, Mwislamu hamgusi. Ikaamuliwa sisi Wakristo tugawane, nyama isioze. Nilichukua fungu langu. Grasiana, mke wangu, alilipika, tukalila, nawaambia kweli, lilikuwa tamu kwa sababu tulikuwa na njaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kuona upande mmoja wa kijiji unatoa moshi wa nyama na upande wa pili unatazama. Watoto wa Kizigua walisimama kwenye mstari wa nyumba zao na mabakuli yao. Hawakuja karibu, walikuwa wameshaambiwa.

Hamisa alimnywesha mumewe uji, na kufika adhuhuri akili zilikuwa zimerudi. Watu wakasema pombe imemtoka. Kesho yake tulipanda lori hadi Korogwe.

"Mzee, ulikunywa chai kwanza?" Dorkasi aliuliza.

"Chai nakunywa saa nne."

Dorkasi alishika kichwa. Akatueleza polepole kwamba kidonge kile kinaisukuma sukari chini, na kisipokuta chakula kinaendelea kuisukuma mpaka mwili unaishiwa kabisa, na mtu anatetemeka, anatokwa na jasho, anaropoka kama mlevi, na anaweza asiamke. Tena si dawa ya kutoka haraka, hukaa mwilini siku mbili, tatu. Daktari akaja, akapima, akasema kidonge kikatwe nusu na kiliwe na chakula, lakini nusu haitamtosha mtu mwenye mkojo wa tofali. Dawa ya kumfaa ni sindano. Kila asubuhi, maisha yote. Hamisa angefundishwa kuchemsha sindano na kuchoma.

Dorkasi alileta kichupa. Muhidini akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii inatengenezwa na nini?"

"Inatolewa kwenye kongosho za wanyama. Ng'ombe au nguruwe."

Kongosho nilikuwa naijua, ni kale kanyama kalaini nyuma ya tumbo la chakula. Mimi nilikuwa nawatupia mbwa.

"Na nani anawachinja?" Muhidini aliuliza.

Dorkasi hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Huko Ulaya, mzee. Viwandani."

"Na hiki ulichonacho ni cha ng'ombe au cha nguruwe?"

Alisoma karatasi ya kichupa. Angeweza kusema ng'ombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua maandishi yale. Lakini Msambaa yule hakujua kusema uongo, na kuna miaka nilimlaani kwa hilo.

"Nguruwe," alisema. "Lakini dini inaruhusu, mzee. Mashehe wote wanasema, ukiwa mgonjwa inaruhusiwa."

"Inamruhusu mgonjwa," Muhidini alisema. "Mimi watu wanakula kutoka mkononi mwangu." Akamrudishia kichupa kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Hamisa alilia, alimsihi, hakugeuka. Tukaondoka na vidonge vya kukatwa nusu.

Siku ya Jumamosi baraza la kijiji lilimwita. Nilidhani tunakwenda kusema ukweli, kwamba haikuwa pombe, ilikuwa dawa, na nilikuwa nimejiandaa kuwa shahidi. Njiani akanishika kiwiko.

"Usiseme kitu."

"Wanasema wewe mlevi!"

"Ulevi mtu anaacha, Gregori. Sukari haiachwi. Wakijua nina ugonjwa wa kutetemeka, kisu kimekwenda, na hakirudi."

Basi mtu yule, ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyolala, alisimama mbele ya baraza akasema: nilikunywa, nimetubu, naomba mnisamehe. Mwalimu Kibwana aliangalia chini. Hamisa alikuwa amesimama na wanawake, akafunika uso kwa kanga. Athuman akaandika kwenye daftari, halafu akasema Idi ya kuchinja iko karibu, na kijiji kina fahali mmoja aliyebaki. Muhidini atapewa nafasi moja mbele ya watu wote. Akiharibu, ataletwa mchinjaji kutoka Mombo, na yeye asishike tena kisu Kwembisi.

Jioni alikuja kwangu. Alinipa karatasi ya vidonge vyote.

"Viweke wewe. Hamisa huvihesabu. Nimemwambia kila asubuhi nakunywa uji kwako na wewe unanikatia nusu."

"Na nusu yenyewe?"

"Siitaki. Nataka Idi inikute mwili wangu ni wangu."

"Mzigua, utakufa."

"Nitakufa nimechinja," alisema, na akacheka, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikavifukia vidonge kwenye debe la chumvi ya ngozi.

Nitasema jambo ambalo sijalisema. Haikuwa kwa ajili yake tu. Mchinjaji wa kutoka Mombo angekuja na mchunaji wake. Na nilitaka pia ule moshi mmoja urudi, nimtazame jirani yangu nikiwa natafuna bila kuona haya. Sababu zote hizo zilikuwa zangu, na zote ziliweza kusubiri, mwili wake ndio haukuweza.

Wiki ya kwanza alikuwa sawa. Asubuhi alikata vigogo vya mgomba nyuma ya nyumba yangu, na kila kigogo alinionyesha mkato wake, laini kabisa. Mkono ulikuwa umetulia kama wa kijana. Wiki ya pili mtungi wa maji ulianza kumalizika tena. Wiki ya tatu mashavu yalibonyea, na alipokaa hakuinuka bila kushika kitu. Sisimizi walirudi.

Hamisa alinifuata kisimani.

"Shemeji, nakuuliza wewe kwa sababu yeye simwamini. Anakula dawa?"

Alikuwa na ndoo kichwani na macho yamemvimba. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu.

"Anakula," nilisema. "Ninamkatia mwenyewe."

"Mungu akulipe," akasema.

Mwaka ule Idi ya kuchinja iliangukia siku moja kabla ya Krismasi. Athuman alisema ni sikukuu mbili kwa fahali mmoja, na watu walilipenda neno hilo. Baada ya swala kijiji kizima kilikuja, Waislamu kwa kanzu, sisi kwa mashati yetu ya kanisani tuliyoyavaa mapema. Lakini watoto waliwekwa mbali safari hii, na vijana walishika mashoka, wazi, bila kuficha. Muhidini aliyaona.

Alitembea kuanzia msikitini kwa miguu yake. Mimi nilikuwa karibu naye, nikasikia anavyopumua, kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na ilikuwa ni njia tambarare. Alipiga magoti. Akaangalia kibla. Aliweka mkono wa kushoto kwenye shingo ya mnyama na kusubiri mpaka mnyama mwenyewe atulie. Kisha bismillahi, Allahu Akbar, kisu kikapita.

Mara moja. Sijaona mchinjo mzuri kama ule kabla wala baada. Damu ilitoka kwa mkupuo mmoja na fahali hakuitikisa hata kamba. Mwalimu Kibwana alisogea, akatazama koo, akasema kwa sauti, "Halali." Wanawake wakapiga vigelegele. Athuman alimpa mkono, halafu akamkumbatia kabisa, na vijana wakaweka mashoka chini. Mimi nilianza kuchuna na machozi yananitoka, nikisingizia jasho. Nilikuwa na furaha. Nisingependa kuwadanganya, ilikuwa moja ya asubuhi njema za maisha yangu.

Kijiji kilikula pamoja siku ile na kesho yake. Siku ya Krismasi alikuja kwangu kama kila mwaka. Grasiana alimwekea wali na nyama ya fahali wake mwenyewe. Alilishika tonge, akalirudisha. Akatapika mlangoni. Nilipomwinua nilisikia pumzi yake inanuka mananasi yaliyoiva kupita kiasi.

"Mkono, uliuona?" aliniuliza.

"Niliuona, mzee."

"Haukutetemeka."

Nilikimbilia debe la chumvi, nikavitoa vidonge, nikampa kimoja, kizima. Alikitapika. Nikampa kingine. Akakitapika nacho. Baada ya hapo hakuniitika tena.

Tulimbeba kwa kitanda hadi barabarani na kusubiri toka saa nane mpaka jua linaelekea kuzama, ndipo lori likapita. Hospitalini Dorkasi alichemsha mkojo, na hakungoja hata uchemke sawasawa. Alitugeukia.

"Nusu kidonge amekuwa akila kila siku?"

Hamisa alinitazama mimi. Hakumtazama Dorkasi, alinitazama mimi, ananingoja nijibu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakata.

"Kila siku," nilisema.

Dorkasi akatikisa kichwa, akasema basi nusu ilikuwa ndogo mno, kama daktari alivyosema. "Imebaki sindano tu. Ile aliyoikataa. Yeye hawezi kujibu sasa. Mama, niseme nini?"

Hamisa alipangusa paji la uso la mumewe kwa ncha ya kanga. "Mchome," alisema. "Dhambi iwe yangu."

Wakamchoma, na maji ya mshipa wakamtundikia. Saa mbili asubuhi alikata roho. Tulimrudisha Kwembisi tukamzika siku ile ile, na kaburi lilichimbwa na Waislamu na Wakristo kwa zamu.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Mtani ana haki yake msibani. Kwa Wazigua mtani huingia pale watu wamekaa kwa huzuni, akamtukana marehemu, akasema lolote linalomjia mdomoni, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Watu walikuwa wananisubiri. Nilisimama katikati ya mikeka, wanaume wako uani, wanawake ndani na Hamisa akiwa ameanza eda yake, mlango ukiwa wazi, na nilijua kwamba siku nyingine nitakayoweza kulisema haitakuja.

"Mimi ndiye niliyemuua Mzigua huyu," nilisema.

Watu wakacheka.

"Hakuwa mlevi. Hajawahi kunywa. Dawa ndiyo iliyomtetemesha, akaiacha ili awachinjie nyinyi, na vidonge vyake nilivificha mimi kwenye debe la chumvi. Mkewe aliniuliza, nikamdanganya. Nesi akaniuliza, nikamdanganya. Vidonge bado viko kwangu, njooni mkavione."

Walicheka zaidi. Mzee mmoja alijipiga paja. "Mnyamwezi huyu!" alisema. "Chumvi!" Nilipandisha sauti, nikaapa kwa Mungu, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu, maana hakuna mtani aliyewahi kuigiza vizuri namna ile, mpaka na machozi. Kutoka ndani nikasikia wanawake nao wanacheka. Baada ya siku tatu za kulia walikuwa wanakihitaji kicheko kile. Sauti ya Hamisa ilikuwa mojawapo. Naijua sauti yake.

Athuman alikuja, bado anajifuta macho, akanipa kuku aliyefungwa miguu, ambaye mtani hupewa ili anyamaze.

Nikampokea kuku, nikakaa.